Hoja ya kisheria isiyoshikana: kutafuta hitilafu kwenye viunganishi

Mwanafunzi sheria anaijua, kifungu amekitaja, lakini kazi inarudi na alama za chini na neno moja pembeni kwa kalamu nyekundu: "haishikani." Hapa Mtwara napitia kazi za wanafunzi wa sheria, wa cheti na wa shahada, wengi wao wakiwa likizo kutoka vyuo vya mbali, na kasoro wanazokuja nazo ni zilezile. Nyingi hujionyesha kwenye maneno madogo: hivyo, na, au, isipokuwa, hata hivyo, ambapo.

Kabla hujagusa kalamu, shika jambo moja. Katika maandishi ya kisheria kiunganishi ni dai. Ukiandika "kwa hiyo", umedai kwamba sentensi ya pili inazaliwa na ya kwanza, na hakimu, mhadhiri au wakili wa upande wa pili ana haki ya kukuambia uthibitishe. Ndiyo sababu mara nyingi neno lenyewe halina kosa. Kosa ni kile kilichokosekana nyuma yake, na mwanafunzi anahangaika kubadilisha "hivyo" kuwa "kwa hivyo basi" wakati anachohitaji ni kifungu cha sheria.

Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, Kiingereza kikiachiwa mazingira maalumu. Anayesoma sheria leo ataandika hati za madai na hoja za mwisho kwa Kiswahili, tena mbele ya watu wanaokijua barabara. Tafuta hapa chini dalili inayofanana na yako, anza na ukaguzi mwepesi, ukishindwa ndipo ushuke kwenye tiba nzito.

Dalili: pembeni mwa "hivyo" au "kwa hiyo" kumeandikwa "kwa nini?"

Hii ndiyo inayoongoza, na ndiyo inayokula alama nyingi. Chukua jibu hili:

"Mwezi wa Aprili Issa alimpa Somoe shilingi 300,000, wakakubaliana kwamba msimu ukifika Somoe atamlipa magunia ya korosho. Hivyo mkataba wao ni batili."

Kila mtu wa Tandahimba au Newala akisoma hapo anasema, ah, hiyo ni kangomba, yaani ununuzi wa korosho nje ya utaratibu rasmi wa mnada. Mwanafunzi naye anajua hivyo, na kwa kuwa anajua, ameruka. Amesimulia tukio, akatua kwenye hukumu. Katikati hakuna kitu.

Chanzo cha kwanza, kinachotokea zaidi ya vyote, ni sheria kukosekana. Ukaguzi wake ni mwepesi: weka kidole kwenye "hivyo" na ujiulize kwa sauti, "kwa mujibu wa nini?" Kama jibu halipo kwenye sentensi mbili zilizotangulia, umepata tatizo. Hapa ilitakiwa ionekane Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Kifungu cha 10 kinataka makubaliano yawe na ridhaa huru ya watu wenye uwezo wa kuingia mkataba, malipo halali na lengo halali. Kifungu cha 23 kinaeleza ni wakati gani lengo au malipo hayawi halali, mojawapo ikiwa ni pale yanapokatazwa na sheria. Baada ya hapo bado unadaiwa hatua nyingine: sheria au kanuni gani inayosimamia zao la korosho inakataza ununuzi wa namna hii? Itafute, itaje, inukuu. Usipoipata, "hivyo" yako haina pa kusimama, hata kama mtaani kila mtu anakubaliana nawe.

Chanzo cha pili ni sheria kuwepo lakini ukweli wa tukio haukuunganishwa nayo. Mwanafunzi ananukuu kifungu vizuri, kisha anaandika "kwa hiyo Issa hana haki", bila kusema kitendo kipi cha Issa kinagusa neno lipi la kifungu. Tiba ni kurudia neno la sheria ndani ya sentensi ya ukweli: "Lengo la makubaliano haya lilikuwa kumpatia Issa korosho nje ya utaratibu wa mnada. Utaratibu huo umewekwa na kanuni fulani, ambayo inakataza... Kwa hiyo lengo hilo linaangukia kwenye kifungu cha 23." Pale kwenye nukta ndipo unapoweka maneno ya kanuni yenyewe. Hapo "kwa hiyo" imebeba mzigo unaoonekana.

Chanzo cha tatu ni neno kutumika pasipo pake. "Ndiyo maana" hueleza kwa nini jambo fulani lilitokea. "Kwa hiyo" hutoa hitimisho. Sentensi kama "Mshtakiwa alikutwa na panga, ndiyo maana ana hatia" inasikika vizuri kijiweni, lakini mahakamani hatia haitokei kama mvua inavyotokea. Inathibitishwa. Acha "ndiyo maana" kwenye simulizi ya tukio, na hitimisho lipe "kwa hiyo" au "kwa sababu hizo".

Acha kurekebisha maneno hapa: ukiwa umetafuta kifungu na hukipati, usijaribu kulifunika pengo kwa kiunganishi kizito zaidi. Nenda maktaba au kwa mhadhiri wako na swali lililonyooka: "Natafuta sheria inayokataza jambo hili."

Dalili: kifungu ulichokiandika kwa maneno yako kimetoa jibu tofauti na la sheria

Mwanafunzi anapofupisha kifungu, maneno yanayodondoka au kubadilika kwanza ni "na" na "au". Anayaona madogo. Tazama kifungu cha 258 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinachoeleza wizi. Anayechukua kitu kinachoweza kuibiwa huwa ameiba ikiwa amechukua kwa udanganyifu na bila dai la haki. Kuna "na" pale. Mwanafunzi anaandika: "kwa udanganyifu au bila dai la haki."

Sasa peleka sentensi hiyo shambani. Ndugu wawili wa Newala wamefiwa na baba yao. Mdogo anaamini kwa moyo wake wote kwamba ile safu ya mikorosho ya upande wa bondeni aliachiwa yeye. Anaokota korosho mchana kweupe, anapeleka ghalani kwenye chama cha msingi kwa jina lake. Baadaye inabainika kwamba kisheria hana haki ile. Kwa "au" ya mwanafunzi, huyu kijana ni mwizi, kwa kuwa haki hana. Kwa "na" ya kifungu, upande wa mashtaka una kazi kubwa, maana udanganyifu unatakiwa uthibitishwe pia, na kifungu cha 9 cha Kanuni hiyohiyo kinamkinga aliyetenda kwa dai la haki la kweli bila nia ya kudanganya. Herufi mbili zimempeleka mtu rumande.

Na usidhani "au" haina nafasi kwenye kifungu hicho. Imo: mtu anaweza kuiba kwa kuchukua, au kwa kukigeuza kitu kuwa chake kwa udanganyifu. Njia ni mbadala, lakini sharti la udanganyifu linabaki kwenye zote mbili. Anayejua kuzitenganisha zile "na" na zile "au" ameshapata nusu ya jibu la mtihani.

Ukaguzi mwepesi: orodhesha masharti kila moja kwenye mstari wake, kisha jiulize, "Mtu akitimiza hili moja tu, sheria inamgusa?" Jibu likiwa ndiyo, kinachounganisha ni "au". Likiwa hapana, ni "na". Fanya hivi huku kifungu halisi kikiwa wazi mbele yako, wala usitegemee kumbukumbu au muhtasari wa rafiki uliosambazwa kwenye kundi la WhatsApp. Muhtasari huo ndio chanzo cha kwanza cha kosa hili.

Chanzo cha pili ni orodha ndefu. Vifungu vingi huweka (a), (b), (c), (d) na kiunganishi kimoja tu mwishoni, kabla ya kipengele cha mwisho, na hicho kimoja kinatawala orodha nzima. Ibara ya 39 ya Katiba, kwenye sifa za mtu anayetaka kuchaguliwa kuwa Rais, ni zoezi zuri: uraia wa kuzaliwa, umri wa miaka arobaini na kuendelea, kupendekezwa na chama cha siasa na nyingine, zote kwa pamoja. Mwanafunzi akinukuu vipengele viwili vya juu akakatisha, amekata na kiunganishi.

Chanzo cha tatu, cha nadra lakini kigumu, ni "na" isiyomaanisha pamoja. "Wakulima na wafanyabiashara wanaweza kuomba leseni" haimtaki mtu awe vyote viwili. Hapa ukaguzi wa mwanzo utakuyumbisha, kwa hiyo soma kifungu kizima na lengo lake, kisha fungua Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1. Ina kanuni zinazosema "au" isomwe vipi, na kifungu chake cha 53 kinatofautisha mamlaka ya hiari na wajibu usiokwepeka.

Mkwaju wa "na/au" uache kabisa. Anayeuandika amekataa kuamua, na msomaji ataamua kinyume na matarajio yake.

Dalili: vifungu viwili vimegongana na hujui kipi kinashinda

Maneno yanayosumbua ni "bila ya kuathiri", "kwa kuzingatia masharti ya", "bila ya kujali" na "isipokuwa". Haya ni viunganishi vya ngazi: yanasema nani mkubwa, nani mdogo.

Ibara ya 24 ya Katiba inatufaa sana watu wa Mtwara na Lindi, hasa tangu mradi wa gesi ulipotwaa ardhi Likong'o, Lindi, na kila mtu akawa na swali la fidia. Ibara ndogo ya (1) inampa kila mtu haki ya kumiliki mali, na haki ya hifadhi ya mali yake aliyonayo kwa mujibu wa sheria. Ibara ndogo ya (2) inaanza: "Bila ya kuathiri masharti ya ibara ndogo ya (1)", kisha inapiga marufuku kumnyang'anya mtu mali yake bila idhini ya sheria inayoweka masharti ya kutoa fidia inayostahili. Mwanafunzi anaandika kwamba ibara ndogo ya (2) imeibana ya (1). Amesoma mshale kinyume. "Bila ya kuathiri" inaiacha ile iliyotajwa ikiwa nzima. Ya pili inaongeza ulinzi, haipunguzi.

Chora mshale, kweli, kwa penseli. "Bila ya kuathiri X": X inabaki na nguvu yake yote. "Kwa kuzingatia masharti ya X": X inaweza kukibana kifungu unachokisoma. "Bila ya kujali X": kifungu unachokisoma kinaipiku X. "Isipokuwa" hutoa kipande kutoka kwenye kanuni ya jumla, na kazi yako ni kusema kipande hicho kinaishia wapi.

Chanzo kingine ni "kwa kuzingatia" kuwa na sura mbili. Ndani ya sheria, neno hilo hufunga. Kwenye insha, watu hulitumia kwa maana ya "nikiangalia": "Kwa kuzingatia kifungu cha 10, mkataba huu ni halali." Msomaji wa sheria atasita hapo. Ukimaanisha "kwa mujibu wa", andika "kwa mujibu wa".

Ikishindikana baada ya mishale, andika kila kifungu kama sentensi kamili inayojitegemea, kisha tunga sentensi ya tatu inayoanza na "Vikigongana,". Usipoweza kuimaliza sentensi hiyo, hujaielewa sheria bado. Rudi kuisoma kabla hujaandika lolote.

Dalili: sentensi ina mistari sita na "ambapo" nne

"Mdai alinunua shamba Nachingwea mwaka 2009 ambapo mdaiwa alikataa kuhama ambapo mdai alilalamika kijijini ambapo waliambiwa wapatane ambapo mwaka 2022 alifungua shauri."

Wengi wetu tunaongea hivi, na redioni husikika kila siku. Kwenye hati ya madai inaua, kwa sababu "ambapo" imefuta kila uhusiano kati ya matukio. Lipi lilitangulia? Lipi lilisababisha lipi? Mdaiwa alikataa lini? Hilo la mwisho ndilo roho ya shauri: chini ya Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, madai ya kurejeshewa ardhi yana miaka 12, na ya mkataba yana miaka 6, kuanzia siku haki ya kudai ilipozaliwa. "Ambapo" imeificha siku hiyo.

Kata kwanza. Tukio moja, sentensi moja, na tarehe yake. Kisha rudisha viunganishi vya wakati pale tu vinapohitajika: kabla ya, tangu, mpaka, siku hiyohiyo. "Ambapo" iachie mahali au hali.

Chanzo cha ndani zaidi kwenye dalili hii ni kuchanganya wakati na sababu. "Jirani alipuliza salfa kwenye mikorosho yake kukinga ugonjwa wa ubwiri unga. Baada ya hapo ufuta wa mdai ulikauka. Kwa hiyo jirani ndiye aliyesababisha hasara." "Baada ya hapo" ni kalenda tu. Ili ufike kwenye "alisababisha" unahitaji ushahidi: upepo ulivumia wapi, umbali wa mashamba, afisa ugani alisema nini, mashamba mengine ya ufuta yalikuwaje wiki ile. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inaweka mzigo huo kwa anayedai. Ukiona "baada ya" inafuatiwa na "kwa hiyo" bila kitu katikati, simama hapo hapo.

Dalili: "aidha", "pia", "vilevile" kila mstari, lakini hoja haisogei

Hii ni nyepesi. Funika kila kiunganishi kwa kidole na usome. Kama hukupoteza kitu, kiondoe. Mara nyingi chanzo ni nukta za darasani zilizogeuzwa kuwa aya bila kupangwa, na kupanga upya ndiyo tiba yenyewe.

"Aidha" ina tatizo la ziada. Katika Kiswahili cha sheria maana yake ni "zaidi ya hayo". Siku hizi wengi wanaandika "aidha alipe au ahame". Kwenye mkataba hilo ni hatari, kwa kuwa msomaji mmoja ataona nyongeza na mwingine ataona uchaguzi. Andika "ama alipe ama ahame".

"Hata hivyo" nayo isizidi moja kwenye aya. Ya pili inamgeuza msomaji arudi alikotoka, na ya tatu inampoteza. Taja wenye hoja badala yake: "Mdai atasema... Mdaiwa atajibu kwamba..."

Dalili: masharti na mifano havina mipaka

"Kama" ndiyo mtuhumiwa. Inaweza kuweka sharti, ikalinganisha, ikatoa mfano. Kwa sharti tumia "iwapo" au "ikiwa". Kwa orodha, amua iko wazi au imefungwa: "mazao, ikiwemo korosho na ufuta" inaruhusu mbaazi kuingia, "mazao, yaani korosho na ufuta" inazifungia mbaazi nje. Mkataba wa ghala unaweza kupasuka kwa tofauti hiyo.

"Endapo" iwekee jambo ambalo halijathibitika. Ukiandika "endapo mshtakiwa alikuwepo" wakati yeye mwenyewe amekiri alikuwepo, umemrudishia utetezi ambao hakuuomba. Na uisome "mpaka" kwa heshima: Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inakataza mshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa mpaka itakapothibitika kuwa ana hatia, na neno hilo ndilo linaloshikilia haki yote.

Wakati wa kuweka kalamu chini

Mdogo wangu, ukishaanza kusomea sheria, mjomba wa Mtama atakupigia simu umwandikie hati ya kuuza shamba, na jirani atakuletea barua ya madai umrekebishie. Hapo si zoezi la darasani tena. Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, inamkataza asiye na sifa kuandaa hati za kisheria kwa malipo. Na kwa ardhi ya kijiji, uhamisho wa haki miliki ya kimila unahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji, hata hati iwe imeandikwa vizuri namna gani. Mwelekeze kwa wakili, au kwa msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa kama uwezo wake ni mdogo.

Shauri likiwa tayari mahakamani au kwenye baraza la ardhi, usiguse hata "na" moja ya hati iliyowasilishwa. Marekebisho yana utaratibu wake na siku zinahesabika. Vivyo hivyo mkataba uliokwisha kusainiwa: ukigundua kuna "au" iliyotakiwa kuwa "na", usiifute kwa kalamu wala kuandika juu yake, hata wahusika wote wakiwa wamekaa mbele yako na wamekubali. Toa nakala, andika kwenye karatasi nyingine neno lipi linaleta utata na kila upande unalielewaje, ambatanisha tarehe ya kusainiwa na majina ya mashahidi, na umpelekee wakili siku hiyohiyo.